Nibaki Ulaya kwenye maabara, au nirudi kwenye ule ukuta wa zahanati?

BARUA

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mwenyeji wa Tanga. Ni mhadhiri msaidizi katika chuo kikuu kimoja cha umma nyumbani, na huu ni mwaka wangu wa nne Uholanzi nikisomea uzamivu. Fani yangu ni uhusiano wa binadamu na kompyuta, na ndani yake nimejikita kwenye michoro ya taarifa: namna ya kuzigeuza namba ziwe kitu ambacho jicho linakisoma upesi bila kudanganyika. Nina mtoto wa kiume wa miaka tisa, yuko Muheza kwa bibi yake. Nilimwacha ana mitano.

Miaka miwili ya mwanzo mambo yalininyookea. Nilibuni mchoro wa kulinganisha maendeleo ya chanjo kati ya vituo vya afya, nikaujaribu mtandaoni. Watu zaidi ya mia mbili, wengi wao wa Ulaya na Marekani, walilipwa kidogo wautazame kwenye skrini na kujibu maswali huku kompyuta ikihesabu sekunde. Mchoro wangu uliushinda ule wa kawaida. Makala ikapokelewa, msimamizi wangu akafurahi, nami nikaiona njia nyeupe mbele yangu.

Kisha nikaenda Korogwe. Nilibeba kishikwambi chenye mchoro wangu, ndani yake data halisi za vituo kutoka DHIS2, ule mfumo wa kompyuta ambao taarifa za vitabu vya MTUHA, yaani rejesta za huduma za vituo vya afya, huingizwa kila mwezi. Muuguzi wa chanjo wa zahanati moja, mama wa makamo, alikishika kwa mikono miwili, akakitazama kwa adabu, akasema, "Kizuri, mwanangu." Akanirudishia. Halafu akageukia ukutani.

Ukutani palikuwa na karatasi ya manila, kona zake zimebandikwa kwa plasta ya vidonda. Chini ameandika miezi, pembeni idadi ya watoto. Mstari wa penseli umekatisha kutoka kona hadi kona: ndilo lengo la mwaka. Halafu kuna mistari miwili ya kalamu ya wino, aliyoivuta mwenyewe kwa rula mwezi baada ya mwezi. Wa bluu ni watoto waliopata dozi ya kwanza ya chanjo ya Penta, wa nyekundu ni waliofika dozi ya tatu. Akaweka kidole katikati ya hiyo mistari, pale ilipoachana, Aprili na Mei. "Hawa ndio walionipotea," akasema. "Masika. Mto ulijaa, akina mama wa ng'ambo hawakuvuka. Hawa wawili wamehamia mashambani. Huyu mama yake alifariki, mtoto amechukuliwa na shangazi yake Handeni." Shangazi, aliwataja mmoja mmoja, kwa majina ya mama zao. Hakuna hata moja la hayo lililokuwa kwenye mfumo, wala kwenye mchoro wangu.

Nilikuwa nimepanga siku nne, nikakaa wiki tano. Nilizungukia zahanati nyingine tatu. Niliandika makala mpya kuhusu jinsi wauguzi wanavyolisoma lile pengo, nikatengeneza na programu ya mfano inayomwezesha muuguzi kubandika sababu juu ya pengo lenyewe. Siku naondoka yule mama alinipa manila ya mwaka uliotangulia, ameiviringisha na kuifunga kwa uzi wa bandeji. Akaniuliza, "Utarudi lini na hicho kitu?" Nikamjibu, "Karibuni, mama." Imepita miezi kumi na minne.

Makala hiyo imekataliwa mara mbili. Mhakiki mmoja aliandika kwamba washiriki ni wachache, na kwamba haijulikani kama matokeo yanahusu mahali pengine nje ya Tanzania. Msimamizi wangu, ambaye ni mtu mwema, amenishauri niifanye sura moja tu ya tasnifu, nirudi kwenye majaribio ya skrini. Amenipatia fedha za mkataba wa utafiti wa miaka miwili baada ya kuhitimu, na anataka jibu mwisho wa mwezi ujao. Huku likizo yangu ya masomo inaisha Septemba, na nilisaini kwamba nitarudi kutumikia chuo. Na nyumbani kwenyewe sisubiriwi kwa vigelegele. Kwenye kupandishwa cheo idara yetu inahesabu makala za majarida, ilhali katika fani yangu makala nyingi nzito hutoka kwenye mikutano. Mkubwa mmoja aliwahi kuniambia mbele ya wenzangu kwamba ninachofanya ni mapambo ya takwimu, hakuna sayansi ya kompyuta hapo. Rafiki yangu naye ananivuta kwenye kampuni ya programu Amsterdam, wanatengeneza dashibodi za biashara, yaani kurasa za kompyuta zinazoonyesha takwimu kwa michoro, mshahara mzuri.

Nikibaki, najiona msaliti. Nikirudi, naogopa nitazama kwenye kusahihisha mitihani na utafiti wangu utafia droo. Manila nimeibandika juu ya meza yangu hapa, na siku hizi nakwepa kuitazama. Nifanye nini?

Wako, Aliye Njia Panda

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Nilifundisha takwimu chuoni kwa miaka mingi kabla ya kushika safu hii, kwa hiyo umenigusa mahali ninapopafahamu. Unaniuliza ubaki au urudi. Lakini ukiipima barua yako kwa mistari, sehemu ndefu kuliko zote umeitumia kwenye ukuta wa zahanati. Mkataba wa miaka miwili umeupa sentensi moja, Amsterdam sentensi moja, na mtoto wako sentensi mbili. Nitaanzia ulikokaa wewe, kisha nitarudi kwa huyo mtoto.

Nadhani umejiaminisha kwamba kuna dunia mbili zinazogombana: majaribio ya skrini ya msimamizi wako, na manila ya yule mama. Tuitazame hiyo manila kwa macho ya fani yako. Mwaka 1984 William Cleveland na Robert McGill walichapisha majaribio yao kuhusu jinsi watu wanavyosoma grafu. Walionyesha kwamba jicho hupima vizuri zaidi vitu vilivyopangwa kwenye kipimo kimoja kuliko linavyopima pembe au eneo. Yule mama, kwa rula na kalamu mbili, ameweka chanjo zake mbili kwenye kipimo kimoja. Yuko sawasawa na maabara.

Ila watu haohao walionya pia jambo jingine, na hapa naomba utulie. Waliichukua grafu ya William Playfair, yule Mskoti aliyetoa atlasi yake ya biashara mwaka 1786, yenye mstari wa bidhaa zilizoingia na mstari wa bidhaa zilizotoka kati ya Uingereza na nchi za Mashariki. Msomaji anadhani analiona pengo kati ya mistari miwili, kumbe jicho linapima pale mistari inapokaribiana zaidi, halipimi wima kutoka juu kwenda chini. Ukikokotoa tofauti mwaka kwa mwaka unakuta mabadiliko makubwa ambayo jicho lilikuwa limeyapita. Maana yake kwa Korogwe ni nini? Mistari ya chanjo inajumlishwa mwezi juu ya mwezi, kwa hiyo hupanda. Pale inapopanda kwa kasi, pengo huonekana jembamba kuliko lilivyo. Aprili na Mei yule mama aliziona, na mto ulimsaidia kukumbuka. Je, kuna mwezi ambao watoto wamepotea lakini mistari ilikuwa inapanda vizuri, kidole chake kikapita bila kusimama?

Sijui jibu, mwanangu. Lakini hilo ni swali lililozaliwa zahanati na linalohitaji maabara. Ungempelekea msimamizi wako swali la namna hiyo, sidhani kama angekuambia ulifiche kwenye sura moja. Umeshajaribu? Barua yako inaonyesha alivyokushauri, haionyeshi ulivyomjibu.

Sasa wale wahakiki. Umeumia, na una haki ya kuumia. Kuna kitu unaweza kukishika mkononi: mwaka 2021 watafiti waliozipitia makala za mkutano wa CHI, ambao ndio mkubwa wa fani yenu, za miaka 2016 hadi 2020, walikuta asilimia 73 ya matokeo yametokana na washiriki wa nchi za Magharibi, watu ambao hawafiki asilimia 12 ya watu wote duniani. Kwenye makala yako ya kwanza, ile ya watu mia mbili wa mtandaoni, kuna aliyekuuliza kama matokeo yanahusu mahali pengine nje ya Ulaya na Marekani? Basi swali linaloulizwa kuhusu muuguzi wa Korogwe liulizwe pia kuhusu mshiriki wa Ulaya. Hilo unaweza kuliandika, kwa heshima, kwenye utangulizi wa makala yako.

Hata hivyo nitakuuliza na upande wa pili, kwa sababu nakutakia heri. Inawezekana makala yenyewe bado ilikuwa simulizi? Ulivyonieleza mimi, nimeuona ule mto. Lakini mtu wa Peru au wa Nepal anayetengeneza dashibodi angeondoka na nini? Mimi naliona moja kubwa: kwenye mfumo pengo ni idadi tu, na kwa muuguzi pengo lina watu wenye majina na sababu. Pengine hilo lilikuwa ukurasa wa tisa. Lilete ukurasa wa kwanza, halafu uone mhakiki wa tatu atasema nini. Kukataliwa mara mbili katika fani hizi ni jambo la kawaida, hata kama hakuna anayelitangaza kwenye ukurasa wake wa chuo.

Nije kwenye kubaki. Neno "msaliti" umejiandikia mwenyewe. Sijaona mahali popote mtu mwingine amekuita hivyo. Hans Rosling, ambaye wengi tunamfahamu kwa ile michoro yake ya mapovu ya rangi iliyoonyesha umri wa kuishi na kipato cha nchi, alikuwa daktari wa wilaya Nacala, kaskazini mwa Msumbiji, tangu 1979 hadi 1981. Huko ndiko alikokutana na ugonjwa wa kupooza miguu, ule unaotokana na muhogo mchungu usiotayarishwa vya kutosha, akautafiti kwa miaka mingi. Gapminder, taasisi ya kueleza takwimu za dunia kwa michoro, aliianzisha na mwanawe na mkwewe mwaka 2005, zaidi ya miaka ishirini baada ya Nacala. Yeye alikuwa Msweden na alikuwa na mahali pa kurudi, kwa hiyo maisha yake hayawezi kuwa kipimo chako. Namtaja kwa sababu moja: umbali wa miaka haukumfanya ayaache yale aliyoyaona Nacala.

Lakini kubaki kuna hatari zake, tuzitaje. Mkataba wa miaka miwili huishia miaka miwili. Baada yake watu wengi hutafuta mwingine, na mwingine, kila mmoja mji tofauti, na kibali cha kuishi kimefungwa kwenye mkataba. Utakuwa unachunguza swali la mwenye fedha. Na data zako za Korogwe zitazeeka: muuguzi atahamishwa, fomu zitabadilishwa, programu yako ya mfano itakuwa imepitwa. Halafu kuna mkataba uliosaini na chuo chako. Umeusoma upya? Usome neno kwa neno, uangalie unasemaje kuhusu kuongezewa muda, kuhusu likizo bila malipo, na kuhusu kurudisha fedha. Jambo la namna hiyo usilifanye kwa mazungumzo ya simu na mkuu wa idara. Andika barua, upate jibu lenye saini.

Kurudi nako tukutazame bila kukupamba. Hofu yako ya kuzama ni ya kweli, nimeiishi. Darasa la mamia, mitihani inarundikana mezani, umeme unakatika katikati ya uchambuzi, na bajeti ya utafiti ni ile utakayoitafuta mwenyewe. Kuhusu majarida, nakubaliana nawe kwamba kipimo hakikutendei haki, lakini kina mlango mmoja ambao labda hujauona: makala za mkutano wa IEEE VIS, ambao ndio wa fani yako hasa ya michoro, nyingi huchapishwa kwenye jarida la TVCG. Kamati ya vyeo nyumbani italiona hilo kama jarida, kwa sababu ni jarida. Huhitaji kubadilisha kazi yako hapo, unahitaji kuchagua tu pa kuipeleka.

Na yule mkubwa wa "mapambo". Neno moja la mtu mmoja umelibeba miaka minne hadi Ulaya. Mwaka 2008, Wakenya walipokuwa wakiuana baada ya uchaguzi, vijana wachache walitengeneza programu iliyopokea ujumbe wa simu kutoka kwa wananchi na kuuweka kwenye ramani, wakaipa jina Ushahidi. Mwaka 2015 Dar es Salaam wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa walianza kuchora ramani za maeneo yanayokumbwa na mafuriko, mfereji kwa mfereji, kupitia Ramani Huria. Mwaka 2016 watafiti wa fani yako barani walikutana Nairobi kwenye mkutano wa kwanza wa AfriCHI, na 2018 wakakutana Windhoek. Hutarudi kwenye jangwa. Utarudi mahali ambapo wenzako wametawanyika na itabidi uwatafute, na hiyo ni kazi, sikufichi.

Kuna njia ya tatu ambayo barua yako haikuitaja, nayo iko ndani ya kishikwambi chako. DHIS2 inaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, lakini mizizi yake ni Afrika Kusini ya miaka ya 1990, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa na timu yake kwenye kazi hiyo kwa miaka mingi. Ni watu waliokuwa na ajira huku na maabara kule, na kazi ikaenda. Je, msimamizi wako angekubali fedha zile za miaka miwili zigawanywe: miezi michache kwa mwaka huko, na mingi Tanga, ukiwa mtumishi wa chuo chako? Je, mkuu wako wa idara angekubali upunguziwe vipindi endapo utaleta mradi wenye fedha? Wanaweza kukataa wote wawili. Na wakikubali, nayo ina gharama: utakuwa mgeni pande zote, kila upande ukidhani upande wa pili ndio unaokula muda wako, na nauli na uchovu ni vyako. Najua waliochoka njiani wakachagua upande mmoja baada ya mwaka. Najua pia waliodumu.

Amsterdam sitaisemea sana. Dashibodi za biashara ni kazi halali na mshahara unasomesha mtoto. Ila umeitaja kama mtu anayetaja mlango wa dharura, na hilo wewe ndiwe unayelijua zaidi.

Sasa mtoto. Umesema ulimwacha ana mitano, ana tisa, basi ukageuza ukurasa. Simaanishi humjali, mara nyingi tunaandika kifupi pale panapouma zaidi. Miaka miwili kwenye mkataba wa utafiti ni ileile miwili kwenye maisha yake, atakuwa na kumi na mmoja. Umewahi kumuuliza yeye? Miaka tisa anaweza kusema kitu, hata kama uamuzi si wake. Je, mkataba huo unaruhusu aje kuishi nawe, na bibi yake anasemaje kuhusu kumwachia, au kuhusu nguvu zake mwenyewe za kuendelea? Ukirudi Tanzania lakini chuo chako kiko mbali na Muheza, mtakaa pamoja au utamwona likizo? Maswali haya hayana grafu, lakini yaweke mezani sawa na yale ya wahakiki, maana naona umekuwa ukipima kila kitu isipokuwa hiki.

Sitakuambia panda ndege au usipande. Ninachokiona ni kwamba una takriban wiki sita, na kazi tatu zinaweza kufanyika ndani yake bila kuamua lolote: barua kwa chuo chako kuhusu masharti, mazungumzo na msimamizi wako ukiwa na lile swali la pengo mkononi, na simu ndefu Muheza, ya kusikiliza zaidi kuliko kueleza.

Na kuna simu ya nne. Yule mama ulimwambia "karibuni" miezi kumi na minne iliyopita, na hujaniambia kama mmezungumza tena. Nahisi ndiyo maana unaikwepa manila. Mpigie, mwanangu, kabla hujawa na jibu la kumpa. Mweleze kwamba makala imekataliwa na kwamba hujui utarudi lini. Ni mtu anayejua kungoja watu waliochelewa. Kisha muulize kuhusu karatasi aliyobandika mwaka huu, mistari imeachana mwezi gani, na ni akina nani waliomo katikati.

Shangazi